Kamati Niliyoiunda kwa Ajili ya Timu Yako

Aneth mwanangu,

Habari za blanketi, dawa ya mafua na kumpigia bibi yako simu kila Jumapili sitaziandika hapa. Hizo nitazisema kesho njiani tukikupeleka chuo chako kipya, kuanzia hapa New Hope mpaka Duluth, na wewe utaweka vile vidude vyako masikioni na kuitikia "Yes, Mama" kwenye mambo ambayo hata hukuyasikia. Baba yako ataendesha, mimi nitaongea. Ndivyo tulivyo.

Hapa nataka kuandika jambo moja tu, ambalo tangu mwezi wa tatu linanizunguka kichwani. Mbele ya macho yangu, mbele ya kocha wako na mbele ya akina mama niliowavalisha sare, ulinyoosha mkono timu yako mwenyewe ifutwe. Timu uliyoichezea miaka miwili. Timu uliyoilia ilipofungwa, ambayo kwa ajili yake nilifua vile vitambaa vya magotini vinavyonuka kama samaki wa juzi. Ulinyoosha mkono juu kabisa. Mimi sielewi. Nimejaribu kuelewa kwa hasira, nikajaribu kwa maombi, na wiki hii nimejaribu kwa kwenda kukaa peke yangu kwenye ule ukumbi wa michezo wa chuo chenu. Nitakueleza habari ya kukaa huko, lakini nikianza na mwisho nitajichanganya zaidi ya nilivyokwisha kuchanganyikiwa.

Kwanza ukumbuke kwamba mimi mpira sikuutaka. Uliponiambia umechaguliwa timu ya wavu ya chuo, nilikuuliza, "Wanakulipia ada?"

"No, Mama. Chuo cha miaka miwili kama chetu hakitoi scholarship ya michezo."

"Sasa wanakupa nini?"

"Jersey. Na tunairudisha season ikiisha."

Nilicheka mpaka baba yako akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Mtoto anaamka alfajiri, anarudi na magoti yamevimba, na anachopewa ni fulana ya kuazima. Nikakuuliza, basi mabasi na marefa analipa nani? Ukanieleza kwamba kila mwanafunzi, akilipia masomo yake, anaongezewa kiasi kidogo cha shughuli za wanafunzi, na humo ndimo michezo inamopatia chakula chake. Wanalipa wote, hata asiyejua mlango wa ukumbi wa michezo uko upande gani.

"Kwa hiyo yule mama wa Kiliberia wa kanisani, anayesoma unesi akitoka zamu, anakulipia wewe urukeruke?"

Ukasema, "Kind of."

Ile "kind of" yako ningeisikiliza vizuri, labda mengine yote yasingenishtua. Nafikiri wewe ulianza kuwaza siku ile. Mimi nilikwenda jikoni.

Maana nilichokielewa mimi kuhusu michezo ni kwamba kuna wageni wanakuja. Siku ya mechi yenu ya kwanza nilileta sufuria la pilau na kachumbari, ya timu zote mbili. Nilikuta wale wasichana wa upande wa pili wamesafiri saa tatu nzima na kila mmoja ana mkate na tufaha kwenye mfuko wa karatasi, nikaona aibu kana kwamba ni nyumbani kwangu. Refa alikataa, akasema haruhusiwi. Nikamwambia refa naye ana tumbo. Alikula amesimama nyuma ya mlango, na seti ya tatu alituonea palepale, kwa hiyo hakuna wa kusema nilimhonga.

Kocha Deb nilidhani ni mwanamke tajiri kwa sababu koti lake lilikuwa limedariziwa jina. Ni wewe uliyeniambia kwamba mchana anauza rangi za nyumba dukani, kwamba basi lenu dogo analiendesha mwenyewe, na kwamba anachopewa na chuo kwa msimu mzima hakimtoshi kitu. Nilimwuliza siku moja kwa nini anafanya. Akacheka, akasema hata mume wake anamwuliza. Tangu hapo nilimpenda.

Halafu mwezi wa kwanza ukaja na ile habari, kwamba huenda timu isiwepo mwakani. Ulinieleza mara mbili na mara mbili nilikwama palepale. Uchumi umekuwa mzuri, ukasema, watu wamepata kazi, kwa hiyo hawaji chuoni, kwa hiyo ule mfuko wa shughuli umesinyaa, kwa hiyo lazima kitu kikatwe. Nikasema, yaani watu wamefanikiwa na chuo kimefukarika? Ukasema ndiyo. Baba yako ni mhasibu wa miaka yote hii, alichukua kalamu akachora mishale nyuma ya bahasha, mshale huu unakwenda huku na ule unarudi kule, mwisho akaiweka kalamu chini akawasha taarifa ya habari.

Hapo nikafanya kosa ambalo Mmarekani hawezi kulifanya hata ukimlipa. Sikuuliza swali. Niliunda kamati.

Wewe unanijua. Brooklyn Center nzima hakuna harusi, msiba wala kipaimara cha Mtanzania ambacho sikukalia kiti cha mwenyekiti. Mtoto wa mtu akiwa na jambo, tunakaa, tunagawana vyeo, tunatuma kadi za mchango, watu wanaahidi, anayesahau ahadi anakumbushwa kwenye grupu mpaka aone haya, na jambo linafanyika. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na hivyo ndivyo tulivyoishi huku kwenye baridi bila kuzikwa na manispaa. Kwa hiyo nikamwita Mzee Mbwambo, mweka hazina wetu wa kudumu, nikamwambia kuna jambo la Aneth.

"Tarehe lini?" akaniuliza.

"Halina tarehe. Ni timu."

Akavua miwani. "Mama Aneth, kamati bila tarehe? Na bwana harusi ni nani, kocha?"

"Mzee, niandikie kadi."

"Haya. Ila nitaandika nini?"

Tukaandika "Kufanikisha jambo la binti yetu Aneth." Na watu walitoa, mwanangu. Hakuna aliyeuliza ni jambo gani. Wengine mpaka leo wanajua umechumbiwa. Nilifurahi mno wiki zile, sitakuficha, nilijiona kweli mama mwenye mtoto. Wewe ulisimama pale mlangoni pa jiko ukasema, "Mama, please don't. Haifanyi kazi hivyo."

Nikasema, "Pesa ni pesa."

Ulikuwa na neno jingine mdomoni. Nililiona kabisa. Sikulingoja, nilikuwa naongea na simu. Sasa hivi ndiyo najua lilikuwa neno gani, kwamba wanafunzi wenzako walikuwa wamekuchagua kukaa kwenye kamati yao ya kugawa ule mfuko. Mtoto wangu yuko kwenye kamati, na mimi Mama Kamati sina habari.

Nilikwenda ofisini kwao chuoni na mchango wetu. Yule bwana wa masuala ya wanafunzi alinipokea vizuri, alinishukuru mara nyingi sana mpaka nikajua amekataa. Alisema zawadi wanapokea, lakini shida yao haikuwa ya msimu mmoja, mwakani itarudi na mwaka utakaofuata itarudi tena, na kwamba si yeye anayeamua bali ni wanafunzi, kwa sababu fedha ni yao. Nikamwuliza mara mbili kama ni kweli watoto wa miaka kumi na tisa ndio wanaoamua, na yeye, mtu mzima mwenye tai, anasubiri. Akasema wanamshauri mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo huwasikiliza. Nikatoka na bahasha yangu nikiwa sijui kama nimefukuzwa au nimealikwa.

Nikaamua nimealikwa. Kikao kilikuwa cha wazi, tukaja na Mzee Mbwambo na akina mama wa kamati, vitenge vya sare ya bluu, rangi ya jezi yenu. Na mezani, kwenye kile kiti cha pembeni, wewe, na kibao cha jina lako mbele yako. Moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Nilimgonga kiwiko Mama Doreen, mwanakamati aliyekaa kando yangu, nikamwambia tumeshinda, tuna mtu ndani. Kwetu ukiwa na mtu ndani, umemaliza.

Binti wa Kisomali aliyekuwa mwenyekiti alieleza kwamba kwa mwaka unaofuata mfuko unaweza kubeba kimoja kati ya viwili, timu ya wavu au kile chumba cha watoto cha jioni, ambapo wanafunzi wenye watoto wanawaacha wakiwa darasani. Akasema watu wanaruhusiwa kutoa maoni. Mimi huyo.

Nilisimama nikatumia Kiingereza changu cha ofisini. Nikawapa kisa ambacho wewe unakijua, kwa sababu nimekisimulia kwenye kila sherehe. Kwamba mwaka ule niliposoma hapohapo jioni, baba yako, kabla hajapata uhasibu huku, akiwa zamu ya pili, sikuwa na pa kukuacha, ukiwa na miaka minne. Nikawa nakukalisha kwenye mabenchi ya ukumbi wa michezo na penseli zako za rangi, timu ya wavu ikifanya mazoezi, nikapanda ghorofani darasani. Wale wasichana walikupa biskuti, walikupeleka chooni, walikufundisha kuhesabu pointi. Nikishuka kukuchukua hunisalimii, unaniambia, "Mama, kumi na tano kwa kumi na mbili!" Hapo watu hucheka kila mara, na pale pia walicheka. Nikamalizia, timu hii ilinilelea mtoto, na leo mnataka kuifuta? Makofi. Kocha Deb alifuta macho. Wewe ulikuwa umeinamia meza, nikasema moyoni, nimemgusa.

Yule binti akakuambia, "Aneth, wewe ni mchezaji, you can sit this one out."

"No. Nitapiga kura."

Walionyoosha kwa ajili ya timu walikuwa watatu. Walionyoosha kwa ajili ya chumba walikuwa watatu, na wa nne mkono wako.

Kwenye gari nilikuambia maneno ambayo siyarudii, unayajua. La kunivua nguo mbele za watu ndilo lililokuwa jepesi. Baba yako, aliyekuja kutuchukua, alikuwa anaendesha. Na wewe, ambaye tangu chekechea nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, ulisema kwa Kiswahili chote, bila kukosea hata neno, "Nilikuwa naogopa, Mama. Kila siku nilikuwa naogopa. Nilikuwa nahesabu pointi ili nisilie."

Hatukusema tena neno mpaka nyumbani, na kwa kweli hatujasema tena mpaka leo. Tumesema habari za fomu, za chumba cha bweni, za koti la baridi. Hilo hatujaligusa.

Aneth, mimi nimelishika hili jambo kila upande na kila upande linateleza. Wale wasichana walikuwa wema, hilo si uongo wangu. Na wewe ulikuwa unaogopa, na huo pia si uongo wako. Sasa mtu anaogopaje mahali, halafu anakua, anaomba mwenyewe kurudi kucheza palepale, anapapenda, halafu anapafuta? Ulicheza kwa sababu ya hofu ile au kwa sababu ya biskuti? Enzi zangu chumba cha watoto cha jioni hakikuwepo. Kingekuwepo ningekuweka humo, usingeujua huo mpira, na labda mkono wako ungeinuka kwa ajili ya timu. Au nisingesimama kusema, je? Wenzako walikuwa tayari watatu kwa watatu, na wewe labda ulikuwa bado hujaamua, mpaka nikaja mimi na kisa changu. Nikifika hapo kichwa kinauma, nakwenda kuosha vyombo.

Kisa hicho sijakisimulia tena. Juzi kwenye kipaimara cha mdogo wake Doreen waliniomba, nikasema nimekisahau.

Hukuja siku tulipovunja kamati, ulisema una zamu kazini. Nikuambie yaliyotokea. Tulikutana kule chini kanisani Brooklyn Center, samaki tuliwaagiza mtaa wa Frogtown, mchele nilipika mimi. Kocha Deb nilimwalika, akaja na keki na uso wa msibani. Akaniuliza tunasherehekea nini wakati tumeshindwa. Nikamwambia kamati huvunjwa hata ikishindwa, watu lazima wale. Akafikiri kidogo, akasema timu yake ingevunjwa hivyo ingekuwa afadhali, yeye alipata barua pepe tu. Nikampakulia samaki mkubwa kuliko wote.

Mzee Mbwambo alisimama akasema michango ipo na wenyewe hawataki kurudishiwa. Nani atachukua mchango wake arudi nao nyumbani, si mkosi huo? Mama Doreen akatoa wazo kwamba basi tununue mikeka na vitu vya kuchezea, vipelekwe kwenye kile chumba. Wote wakanitazama mimi. Mzee Mbwambo akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Wa kwanza kunyoosha alikuwa Kocha Deb, na wala si mjumbe. Halafu mmoja mmoja, wote.

Mimi sikunyoosha. Nilisema mwenyekiti hapigi kura, na hakuna aliyenibishia, ingawa wote wanajua kwamba kwenye harusi ya Doreen nilipiga kura mpaka kwenye rangi ya vitambaa vya meza. Wewe ulipewa ruhusa ya kukaa pembeni ukaikataa. Mimi hakuna aliyenipa, nikajipa. Nimelifikiria sana hilo, na nimeona kwamba katika nyumba hii mwenye moyo mgumu wa kikaoni si mimi kama nilivyokuwa nadhani. Sikusifu, kwa sababu bado sijui kama ulifanya sawa. Kocha Deb sasa hana timu, na wale wasichana wa mwaka wa kwanza walitegemea mwakani. Hao nao wana mama zao. Ila nimeona.

Jumatano ndipo nilipopeleka mikeka. Yule bwana wa ofisini safari hii alikubali mara moja, akanishukuru mara moja tu. Chumbani kulikuwa na watoto wachache, na mmoja mwenye misuko kama yako ya zamani alikuwa anapaka tembo rangi ya kijani. Nikamwinamia nikamwuliza kama anaogopa. Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la kijinga. "My mom's right upstairs," akasema, akaendelea na tembo wake.

Nikashuka kwenye ukumbi wa michezo. Wavu wameshautoa, yamebaki matundu sakafuni yamefunikwa vifuniko. Nikapanda mpaka kwenye lile benchi nililokuwa nakukalisha, karibu na mlango, nikakaa.

Mwanangu, sikuwahi kulikalia. Miaka yote nasimulia kile kisa, nilikuwa naamini kwamba ulikuwa unaona ngazi. Nilikuchagulia mahali pale kwa sababu hiyo, ili uone ngazi ninayopandia na ninayoshukia, ujue mama yuko huko. Nikisimama, kweli ngazi inaonekana. Nikikaa, na nikijikunja kidogo kufikia kimo cha miaka minne, kuna ukuta. Kuna ukuta wa rangi ya maziwa na ubao wa pointi, basi. Nilikaa pale mpaka mfagiaji akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo.

Siku zile nikikuacha sikuwa nageuka kutazama nyuma. Nilijiambia kwamba ukiona mama hageuki utajua hakuna cha kuogopa. Ukweli ni kwamba nilijua nikigeuka sitapanda ngazi, na nilikuwa na mtihani.

Kesho nitakuacha tena kwenye jengo la chuo. Baba yako atasema twende, barabara ndefu. Mimi nitageuka, hata mara mbili, hata mbele ya wenzako, na wewe utaona aibu na utastahimili. Na huko ukiwa peke yako ukashikwa na hofu, usihesabu pointi. Niite, nitashuka.

Mama yako